Mtoto Asiyetulia Akaguliwe Viungo Pia

Darasani Kisumu Ndogo, Kibera, mtoto anayejinyonganyonga kwenye benchi huitwa mtukutu. Akibahatika, atashukiwa kuwa na ADHD, hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kuwa makini. Viungo vyake havitazamwi, ilhali tafiti zimeonyesha kuwa watoto wenye ADHD huwa na viungo vinavyopinda kupita kiasi mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Kulegea huko pekee si ugonjwa. Lakini anayeumwa magoti, mkono ukichoka upesi kushika kalamu, atatuliaje?

Kipimo cha Beighton cha kulegea kwa viungo, chenye alama 9, hakihitaji mashine: kidole gumba kinagusa kigasha? Viganja vinafika sakafuni bila kukunja magoti? Vituo vya EARC, vinavyotathmini watoto wenye mahitaji maalum ya kielimu na vilivyoanzishwa Kenya mwaka 1984, vikiongeze kwenye ukaguzi wao. Nacho kiboko cha kumtuliza “mtukutu”, kilichopigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kisirudi kwa mlango wa nyuma.