Tusimsahau Kiongozi wa Mashtaka

Kila vinapotajwa vichekesho vya Vioja Mahakamani vya runinga ya KBC, sifa huwaendea washtakiwa: Makokha, Ondiek Nyuka Kwota na Otoyo. Kiongozi wa mashtaka, aliyeigizwa na marehemu Gibson Gathu Mbugua, ni nadra kutajwa. Naona tunamdhulumu. Mshtakiwa hutuchekesha kwa jinsi anavyolikwepa swali; je, swali lenyewe huulizwa na nani? Pasipo Kiswahili kilichonyooka na uso usiotabasamu wa muulizaji, lafudhi na visingizio vya mshtakiwa vingekuwa kelele tupu. Basi walimu wanaoandaa michezo ya kuigiza shuleni wasimtupie mwanafunzi dhaifu nafasi hiyo. Mcheshi huvuna alichopanda mwenzake.