Kabla Hujanunua Haibridi, Uliza Umri wa Betri

Mojawapo ya mambo yanayojadiliwa kwa hamasa katika majilisi ya walimu siku hizi, hasa huku Mukuru kwa Njenga ninakofundisha, ni magari ya haibridi, yaani yale ambayo injini ya petroli husaidiana na mota ya umeme. Wauzaji wengi tunaokutana nao ni madereva wa teksi za kuitwa kwa simu. Gari likishatembea kilomita laki mbili na zaidi, dereva hulitafutia mnunuzi, na mwalimu aliyepata mkopo wa chama cha akiba hujitokeza. Mwenzangu mmoja yu karibu kutia saini mkopo wa miaka minne kwa ajili ya Toyota Prius ya mwaka 2010. Ameniuliza kama kilomita 230,000 si nyingi mno.

Kwa maoni yangu, swali hilo halilengi penye hatari. Katika gari la kawaida kila kilomita ni ya injini. Katika haibridi sivyo. Gari likikwama katika msongamano wa Outering Road au Jogoo Road, injini huzimika na mota huchukua kazi ya kulisogeza. Dereva anapopunguza mwendo, mota hiyo hiyo hugeuka jenereta, ikairudishia betri umeme. Ndiyo maana breki za magari haya hudumu. Prius ya kizazi hicho, iliyoanza kuuzwa mwaka 2009, haina hata mkanda wa kuzungusha pampu ya maji. Ina dosari zake, naam: njia inayorudisha moshi ndani ya injini huziba masizi, na gasketi ya kichwa cha injini huungua. Lakini dosari hizo fundi mzoefu huzitambua. Tena mita yaweza kurudishwa nyuma na mtu mwenye kompyuta ndogo na dhamiri ndogo zaidi. Gari la kilomita 230,000 lenye kumbukumbu za matengenezo lina heri kuliko la 90,000 lisilo na karatasi hata moja.

Kinachostahili kuogopwa ni betri kubwa iliyo nyuma. Ndani yake mna vipande 28 vilivyounganishwa mfululizo, vikitoa takriban volti 200 kwa pamoja. Kipande kimoja kikidhoofika, vyote hukwama, kama foleni ya wanafunzi ambayo aliye mbele amesimama kufunga kamba za viatu. Mafundi wetu hukitoa kile kibovu na kutia kingine. Silaumu ustadi wao, ila vipande 27 vilivyobaki ni vya umri ule ule, na baada ya miezi michache cha pili hufuata. Muuzaji akikuambia kwamba betri "ilitengenezwa", muulize kama ilibadilishwa yote au ilitiwa kiraka.

Betri hii huzeeshwa na miaka na joto kuliko safari. Hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Sasa fikiria vumbi la barabara zetu za Mukuru mwezi wa Januari, madirisha yakiwa wazi, na mwalimu ameweka bunda la madaftari ya Gredi ya Saba juu ya tundu hilo. Betri hupikika polepole, na mwenyewe hana habari. Kisha huja masika. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia Mukuru na mitaa mingi ya Nairobi, na magari yaliyozama hayakutupwa yote. Mengine yalikaushwa yakauzwa. Kwa kuwa betri imekaa chini, inua zulia la buti utazame kama pana matope makavu au kutu.

Serikali hairuhusu kuingizwa nchini gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kanuni hiyo inahesabu miaka ya gari linaloingia. Haimlindi anayeuziwa hapa hapa gari la miaka 15.

Hebu tufanye hesabu ambayo hata wanafunzi wetu wanaiweza. Tuchukulie petroli ni shilingi 180 kwa lita, gari la kawaida laenda kilomita 12 kwa lita, na haibridi 20. Dereva wa teksi anayetembea kilomita 100 kwa siku huokoa lita tatu na theluthi, yaani shilingi 600. Kwa siku 25 za kazi ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Betri ikimgharimu, tuseme, shilingi 150,000, atairudisha fedha hiyo kwa miezi kumi. Mwalimu anayetembea kilomita 10 kwa siku huokoa shilingi 60. Kwa siku 22 za shule ni shilingi 1,320 kwa mwezi. Huyu atahitaji miaka tisa na zaidi, na kabla haijatimia huenda betri ya pili nayo imekufa. Gari lililomtajirisha dereva laweza kumfilisi mwalimu, ingawa ni lile lile.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenzangu, ambaye huenda shuleni kwa miguu na anataka gari la kwendea kanisani na mara moja moja mashambani, ni kwamba asilinunue kwa mkopo huo. Anayesafiri kila siku kutoka Kitengela hadi mjini nitamjibu vinginevyo: anunue, mradi fedha ya betri iwe imetengwa kando ya bei.

Anayeendelea na ununuzi asiridhike kuzungushwa mtaani dakika tano. Taa ya onyo yaweza kufutwa asubuhi na ikakaa kimya mpaka jioni. Aliendeshe saa nzima, apande nalo mlima, fundi akiwa kando yake na chombo kilichochomekwa chini ya usukani, akisoma volti za kila jozi ya vipande. Zikitofautiana sana gari likivuta mzigo, au alama za chaji zikipanda na kushuka haraka, ashuke ashike njia.

Ningependa kuona wizara inayohusika ikimlazimu kila auzaye haibridi iliyozidi miaka minane, awe na yadi Ngong Road au awe dereva wa Pipeline, kumkabidhi mnunuzi usomaji huo kwa maandishi. Kazi yenyewe haimalizi alasiri moja, na karatasi yake yaweza kuambatanishwa na hati ya umiliki siku ya kuhamisha jina.