Bingwa Akiondoka, Wodi Inabaki na Nani?

Saa tisa usiku, hospitali ya wilaya. Mtoto amezaliwa, halii. Mkunga anamkausha kwa kitenge, anamsugua mgongo, kimya. Anayo dakika moja hivi, ile ambayo wakufunzi huiita dakika ya dhahabu, ya kumvisha barakoa na kuminya mfuko wa hewa hadi kifua kipande. Bingwa wa watoto aliye karibu yuko makao makuu ya mkoa, amelala. Yote yamo mikononi mwa mkunga. Je, mikono hiyo ilifanya mazoezi lini mara ya mwisho?

Katika mjadala wetu kuhusu uhaba wa madaktari wa watoto, swali hilo huulizwa mara chache. Kilio chetu ni kimoja: wasomeshwe wengi zaidi. Ni kilio cha haki, lakini bingwa haivi kwa siku moja. Kuna miaka 5 ya shahada ya kwanza, mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, kisha miaka 3 ya uzamili katika vyuo kama Muhimbili au Bugando. Hiyo ni miaka 9, bila kuhesabu ile ya kusubiri ajira na ufadhili.

Wakati tukisubiri, takwimu zinatuonyesha penye jeraha. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta vifo 67 vya watoto wa chini ya miaka mitano katika kila 1,000 waliozaliwa hai. Ule wa 2022 ukakuta 43. Hatua kubwa. Lakini vifo vya siku 28 za mwanzo vilikuwa 25, vikawa 24. Chanjo na chandarua vinaweza kugawiwa kijiji kwa kijiji, kwa boksi na kwa gari. Mtoto njiti au aliyeshindwa kupumua hahudumiwi na boksi. Anahitaji mtu anayejua la kufanya, tena papo hapo. Na lengo la dunia ni vifo vya siku hizo 28 vishuke hadi 12 ifikapo 2030.

Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, imetupa somo ambalo hatujalitumia ipasavyo. Wahudumu walipopewa mafunzo ya siku moja ya kuwapumulisha wachanga, walifanya vizuri mbele ya mwanasesere wa mazoezi, lakini chumba cha kujifungulia kikaendelea kama zamani. Mpango ukabadilishwa: mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, palepale kazini, na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Vifo vya saa 24 za mwanzo vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Mwanasesere alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni mazoea.

Ndiyo maana nazitazama kwa macho mawili kambi za madaktari bingwa zinazopelekwa kwenye halmashauri tangu 2024. Mama aliyekuwa auze mbuzi apate nauli ya kwenda rufaa ameonwa nyumbani kwao, na hilo si dogo. Lakini kambi ikiisha gari linaondoka, na ujuzi nao ukiondoka nalo, wodi inabaki ilivyokuwa.

Mabingwa watanijibu: foleni imefika getini, nifundishe saa ngapi? Wana haki. Kufundisha bila kutengewa saa ni mzigo juu ya mzigo. Isitoshe, muuguzi akishaiva katika wodi ya wachanga, mwezi ujao anahamishiwa wodi ya upasuaji. Lakini makosa haya ni ya kiutawala, na dawa yake haingoji miaka 9.

Bingwa wa mkoa apewe hospitali za wilaya za kulea, na saa za kulea ziandikwe katika mkataba wake. Kila wilaya iwe na mkunga mmoja wa kuongoza mazoezi ya kila wiki. Bingwa ayaanzishe, ayakague, asiache yafe. Wauguzi wa wachanga wasihamishwe ovyo. Na bingwa anapopimwa, asiulizwe tu amewaona wagonjwa wangapi. Aulizwe pia: katika wilaya zako, mfuko wa hewa uko wapi usiku huu, na nani aliushika wiki hii?