Imani ni amana, isigeuzwe kamba ya kufungia akili

Tangu Aprili 2023, jina la Shakahola limekuwa kidonda katika taifa letu. Katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watoto. Upande wa mashtaka umeeleza kortini kwamba waumini walihimizwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu, na kwamba shule na hospitali vilihesabiwa kuwa vya shetani. Mwaka 2025 makaburi mengine yalifukuliwa Kwa Binzaro, si mbali na hapo. Hukumu tuwaachie mahakimu. Sisi walimu tunalo swali letu: ilikuwaje watu wazima, wengine wenye elimu na kazi zao, wakakubali?

Wapo wanaojibu kwamba dini na maarifa ni maadui tangu jadi. Jibu hilo ni jepesi mno, na historia ya pwani hiyo hiyo yalikanusha. Uislamu ndio ulioleta hati ya Kiarabu iliyotumiwa na washairi wetu kuandika tenzi, ukiwamo Utendi wa Tambuka uliotungwa Pate mwaka 1728. Rabai, katika Kaunti iyo hiyo ya Kilifi, ndiko alikoishi mmishonari Ludwig Krapf kuanzia 1846, na kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapishwa 1882, ingali ikifunguliwa na wanaisimu. Hospitali za misheni za Tumutumu na Kijabe nazo zimetibu vizazi vya Wakenya. Basi imani imewahi kuwa mlezi wa kalamu na wa dawa. Iliyovikataa vyote viwili imeukana ukoo wake.

Lugha yenyewe inatuonya. Maneno imani, amana na amani yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. Amana ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze; huna ruhusa ya kukiharibu. Mtoto ni amana mikononi mwa mzazi, kama waumini walivyo amana mikononi mwa mhubiri. Tena kuna tofauti kati ya kuamini na kuaminishwa. Anayeamini ni mtenda; anayeaminishwa ni mtendwa, na katika msitu ule watendwa wakuu walikuwa watoto ambao hawakuulizwa neno.

Serikali iliunda jopo la kuchunguza sheria za mashirika ya kidini mwaka 2023. Ni hatua ya kupongezwa, ila cheti cha usajili hakimzuii mtu kudanganywa. Kinga ya kwanza ni darasa, na hapa hatuna budi kujilaumu. Tunapomfunza mwanafunzi kukariri majibu ya mtihani, na kumnyamazisha akihoji, tunamzoeza kunyenyekea kwa kila sauti yenye mamlaka. Kesho sauti hiyo itatoka mimbarini.

Mwanafunzi anayechambua shairi huuliza: nani anasema, anamwambia nani, kwa ushahidi gani, na kwa manufaa ya nani? Tumruhusu ayaulize hayo hayo kuhusu mahubiri, hotuba za wanasiasa, hata mihadhara yetu. Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Nasi tuongeze kwamba wala si kufuru. Imani ya kweli haitikiswi na swali la mtoto.