Tulinde na Mpaka Usioonekana

Ziwa Mweru halina ukuta. Mpaka wetu na Kongo unapita katikati ya maji, tangu kusini unakoingia Mto Luapula hadi upande wa Pweto, kaskazini, unakotokea Mto Luvua. Askari wa Nchelenge na Chienge hawahitaji kufundishwa maana ya mpaka wa namna hiyo. Desemba 2000, Pweto ilipotekwa, maelfu ya watu walivuka kuingia Zambia kwa muda mfupi. Tangu 2017 walivuka wengine wengi, wakahifadhiwa Mantapala. Na kila mwaka, tangu Desemba hadi Februari uvuvi unapofungwa, doria huendelea usiku na mchana.

Lakini upo mpaka mwingine usioonekana kwenye ramani, nao hatuna budi kuulinda kwa bidii ile ile. Siku hizi kazi za vyombo vya ulinzi na za ofisi za umma kote duniani huwekwa katika kompyuta. Ili mtumishi aliye mbali asilazimike kusafiri na majalada hadi Mansa au Lusaka, zimetengenezwa programu za kumwezesha kuingia katika mtandao wa makao makuu kwa njia iliyofumbwa, ndani ya intaneti. Ni jambo jema. Hata hivyo, programu hiyo ni lango linaloutazama ulimwengu mzima, na kila abishaye hodi hulifikia. Lango likiwa na ufa, mwizi huingia akiwa amevaa sare zetu, wala hakuna mbwa atakayebweka.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali. Mei 2022 Benki Kuu ya Zambia ilitangaza kwamba baadhi ya mifumo yake imeingiliwa, ukiwemo ule wa kusimamia maduka ya kubadilisha fedha. Genge lililotajwa lilijiita Hive. Benki ilikuwa imeikinga mifumo yake mikuu, ikakataa kulipa kikombozi. Novemba mwaka huo vyombo vya usalama vya Marekani vilieleza mbinu za genge hilo. Mara nyingi lilipita katika malango yaliyolindwa kwa neno la siri moja tu. Mara nyingine lilitumia kasoro ya programu ya kampuni ya Fortinet: mtu akibadili herufi ndogo kuwa kubwa katika jina la mtumiaji, lango lilisahau kumdai ufunguo wa pili. Marekebisho ya kasoro hiyo yalikuwa yametolewa tangu 2020. Genge lilipovunjwa Januari 2023, lilikuwa limekwisha kuwadhuru zaidi ya wahanga 1,500 katika nchi zaidi ya 80.

Hapo ndipo penye somo. Adui mkubwa si kasoro, bali ni uzembe wa kuchelewa kuiziba. Mtengenezaji anapotangaza marekebisho, tangazo hilo husomwa na mlinzi na mwizi kwa pamoja, na kuanzia hapo ni mashindano ya mbio. Kampuni ya kubadilisha fedha ya Travelex ilivamiwa tarehe 31 Desemba 2019. Wataalamu walieleza kwamba mitambo yake ya Pulse Secure ilikuwa imekaa miezi mingi bila marekebisho yaliyotolewa Aprili mwaka huo. Watumishi wake walirudia kalamu na karatasi. Mei 2021, bomba kubwa la mafuta la kampuni ya Colonial, huko Marekani, lilifungwa kwa siku kadhaa kwa sababu ya akaunti moja ya kuingilia kutoka mbali, iliyokuwa haitumiki tena lakini haikufutwa, wala haikuwa na ufunguo wa pili.

Wako watakaosema kwamba sisi ni askari, si mafundi, na kwamba hayo ni ya wakubwa wa Lusaka. Hatukubaliani nao. Neno la siri la lindo hubadilishwa. Ufunguo wa ghala la silaha una daftari lake, na askari anayehamishwa huurudisha kabla ya kuondoka. Anayepokea zamu husoma daftari la matukio kabla ya kusimama langoni. Basi kamanda na aulize: Ni nani wenye ruhusa ya kuingia kutoka mbali? Waliohamishwa wamefutwa? Marekebisho ya mwisho yalitiwa lini? Nani anasoma kumbukumbu za walioingia usiku?

Ni kweli kwamba kutia marekebisho hulazimu kufunga njia kwa saa kadhaa, na kituo cha pwani ya ziwa hubaki bila mawasiliano hayo. Hasara hiyo yavumilika; simu ya upepo ingalipo. Januari 2024 serikali ya Marekani iliziamuru ofisi zake za kiraia kuitenga mitambo ya Ivanti katika muda wa saa 48, kwa kuwa kasoro zake zilikuwa zikitumiwa na maadui. Kama wenye mafundi tele walikubali kufunga lango, nasi tusione aibu.

Tukumbuke kinachokaa nyuma ya lango la namna hiyo. Ni ratiba ya doria: akiisoma mwenye magendo, hana haja tena ya kujificha katika mafunjo. Ni jina la mvuvi aliyetuletea habari kwa siri, naye analala kijijini bila bunduki. Ni orodha ya mkimbizi aliyekimbia ili asipatikane na wanaomtafuta. Watu hawa walituamini. Kwa hiyo kila mmoja wetu na ahesabu neno lake la siri kuwa silaha aliyokabidhiwa: haliazimwi, haliandikwi ukutani, na likipotea hutolewa taarifa saa ile ile.