Mbeya si Dar es Salaam: kwa nini msafiri wa Mbalizi anahitaji kalenda nyingine

Mwezi Julai, wakazi wa Dar es Salaam hulalamikia baridi huku joto la mchana likifika nyuzi 28 za Selsiasi. Basi linaloondoka huko jioni huwashusha abiria wake Mbeya na Mbalizi karibu na alfajiri, saa ambayo joto linaweza kuwa limeshuka hadi nyuzi 6. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, abiria wengi zaidi hufika katika saa hizo za baridi kali, na wapo wanaoshuka na kandambili na shati la mikono mifupi.

Tatizo linaanzia kwenye maelezo wanayopewa wasafiri. Mengi yanaieleza Tanzania kama nchi ya joto yenye mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na za masika kati ya Machi na Mei. Hayo ni kweli kwa pwani na kaskazini. Katika Nyanda za Juu Kusini hayafai.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, huiweka mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na jirani zake katika kundi la maeneo yanayopata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, unaoanza Novemba na kuishia Aprili. Sababu ni mwendo wa ukanda mvua, ambao hulifuata jua. Ukishuka kusini hupita kaskazini mwa nchi na kuleta vuli. Ukirudi hupita tena na kuleta masika. Mbeya iko karibu na mahali ukanda huo unapokaa muda mrefu kati ya Desemba na Machi, kwa hiyo mvua zake huungana zikawa msimu mmoja mrefu. Katika miezi hiyo minne jiji la Mbeya hupata kwa wastani milimita 150 hadi 200 kila mwezi. Juni, Julai na Agosti hazipati hata milimita 5 kwa pamoja.

Jambo la pili ni mwinuko. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Mbalizi, mji mdogo ulioko magharibi yake kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma, uko chini kidogo na una joto zaidi kidogo. Kipindi cha Juni hadi Agosti, ambacho TMA hukiita kipupwe, upepo wa kusi huleta hewa baridi kutoka kusini, na anga lisilo na mawingu huachia joto lote la mchana kupotea usiku. Ndiyo maana mtu huvaa koti zito asubuhi na kulivua saa sita mchana. Oktoba ndio mwezi wa joto na vumbi, lakini hata hapo mchana haupiti sana nyuzi 27.

Lakini wastani wa Mbeya hauwezi kumsaidia anayeendelea na safari. Ukipita Uyole kuelekea Tukuyu unaingia katika moja ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na huko Mei bado kunanyesha wakati Mbalizi kumeshakauka. Shuka zaidi hadi Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi tu, utakuta joto na jasho kama la pwani. Panda Kitulo, juu ya mita 2,500, na Julai unaweza kuamka ukute umande umeganda kwenye nyasi. Maua yanayowavuta watalii Kitulo huchanua wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, yaani pale barabara za kupandia huko zinapokuwa na utelezi. Anayetaka maua na barabara kavu kwa pamoja atakosa kimoja.

Kwa wanaotumia ndege, Uwanja wa Songwe ulio karibu na Mbalizi, ulioanza kazi Desemba 2012 badala ya ule wa zamani wa mjini, una historia ya ndege kugeuza kwa sababu ya ukungu. Mwenye miadi asubuhi wakati wa mvua ni vyema afike siku moja kabla.

Aprili ndiyo hudanganya zaidi. Kwenye majedwali mvua inaonekana kupungua, ila ardhi imekunywa maji kwa miezi mitano. Aprili 14, 2024, baada ya msimu ulioongezewa nguvu na El Niño, tope liliporomoka kutoka Mlima Kawetele jijini Mbeya na kufukia nyumba kadhaa. Msafiri anayetafuta nyumba ya kulala wageni Aprili asitazame bei pekee. Atazame pia kama imejengwa chini ya mteremko.

Kiangazi nacho kisichukuliwe kuwa ni usalama. Ajali iliyoua watu 28 Mlima Iwambi, Mbalizi, Juni 7, 2025, ilitokea mwezi usio na mvua. Lori lililoelezwa kufeli breki liligonga basi dogo la abiria. Mteremko ule hubeba malori ya Zambia na Kongo mwaka mzima, na ndiyo maana wakazi wanasubiri kwa hamu kukamilika kwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi.

Kwa anayeweza kuchagua mwezi, Septemba inafaa zaidi: baridi imelegea, barabara ni kavu na milima haijafichwa na mawingu. Anayelazimika kuja kati ya Novemba na Aprili asubiri utabiri wa msimu, ambao TMA huutoa kabla mvua hazijaanza, na asome sehemu inayoihusu Mbeya, si ile ya pwani.