Kidole Gumba Hakifuti Azimio la Mkutano Mkuu

Matembezi ya Köln yalipitishwa na mkutano mkuu wa jumuiya yetu, akidi imetimia, muhtasari umesomwa na kusainiwa. Yakaja kufutwa usiku wa manane kwenye kundi la WhatsApp, kwa vidole gumba. Kulipokucha kamati ikatangaza kwamba siku ya matembezi watu watakutana bustanini kuchoma nyama.

Jarida hili halina ugomvi na nyama choma. Ugomvi wake ni utaratibu. Jumuiya imesajiliwa mahakamani kwa sheria ya Ujerumani, na kifungu cha 32 cha sheria ya madai ya nchi hiyo hakina utata: wanachama huamua mkutanoni, na nje ya mkutano uamuzi husimama pale tu ambapo wanachama wote wameridhia kwa maandishi. Wote, siyo wale waliokuwa macho usiku ule. Katiba ya jumuiya inaweza kuweka utaratibu mwingine, lakini haijaweka. Anayebisha aifungue aisome. Aliyeuona ujumbe akanyamaza hakuridhia. Amenyamaza tu, kama anavyonyamaza kila ada ya mwaka inapodaiwa.

Sababu kubwa iliyotolewa ni kwamba, kwa kuwa matembezi yanapita Dom, kanisa kuu la Köln, Waislamu wanaburutwa kanisani. Nani kaburutwa? Hoja ile mkutanoni iliungwa mkono na Mzee wa Bonn, ambaye kila mtu anajua hakosi swala, na sharti lake lilikuwa moja, ratiba isimpitishie adhuhuri. Wala wasiwasi wa aina hii si mgeni ndani ya Dom yenyewe. Mwaka 2007 dirisha kubwa la upande wa kusini liliwekewa vioo vya msanii Gerhard Richter, miraba zaidi ya 11,000 ya rangi 72, bila mtakatifu hata mmoja. Kadinali Joachim Meisner, askofu mkuu wa Köln wakati huo, alilalamika kwamba dirisha lile lingefaa zaidi msikitini. Halikung'olewa. Jua la mchana likipiga, rangi humwagika kwenye mawe ya ndani, na mtoto akinyoosha kiganja hujikuta ameshika nyekundu na kijani.

Wengine wamesema ni jengo tu la Wajerumani. Si jengo tu. Jiwe lake la msingi liliwekwa tarehe 15 Agosti 1248. Karne ya 16 ujenzi ukasimama, na winchi ya mbao ikabaki juu ya kipande cha mnara vizazi na vizazi, mpaka kazi ilipoanza tena 1842 na kumalizika 1880. Ndani limo kasha la dhahabu linaloaminiwa kuhifadhi masalia ya Mamajusi watatu, yaliyotolewa Milano mwaka 1164.

Tena mkutano haukupitisha Dom peke yake. Ulipitisha mwendo wa kutwa: kushukia Deutz, kuvuka Rhein kwa miguu juu ya Hohenzollernbrücke, minara ya mita 157 ikiwa mbele ya macho tangu hatua ya kwanza, kisha alasiri kuelekea Nippes. Huko kuna Usambarastraße. Huko huko kulikuwa na mtaa wa Carl Peters, mkoloni yule aliyeitwa kwetu Mkono wa Damu, hadi jina lake lilipobanduliwa. Watoto wanaozaliwa hapa wataonyeshwa lini kibao cha Usambarastraße, na nani, ikiwa kila mwaka wanapelekwa kwenye moshi ule ule?

Waliokasirika wanapigiana simu. Simu hazisaidii. Kifungu cha 37 cha sheria ile ile kinaruhusu sehemu moja ya kumi ya wanachama kudai mkutano kwa maandishi, wakitaja lengo na sababu. Ni karatasi moja, mistari miwili na saini. Ipelekwe kwa katibu kabla mwezi haujaisha, kwani mwaliko wa mkutano nao una siku zake, na kamati isije ikapata kisingizio.

Mkutano ukirudisha matembezi, masufuria ya pilau yabaki majumbani. Dom hairuhusu masanduku wala mabegi makubwa, na walinzi wa mlangoni hawabembelezwi. Ngazi za mnara ni 533 na lifti ya wageni hakuna. Wenye magoti mabovu watakaa chini na Mama Mhazini, ambaye ameshasema hapandi.